Inchi Mbili

Fundi Likwata amelala chali chini ya gari langu,
miguu yake tu ndiyo inayozungumza nami.
"Inchi mbili," inasema. "Dada, sikuongopei.
Inchi mbili tu, na lile jiwe la Kitangari utalisahau."

Lile jiwe nalijua kuliko ninavyomjua diwani wetu.
Limekaa katikati ya njia, baada ya kona ya tatu,
na kila asubuhi nikipita na mifuko ya salfa
hulikwaruza gari tumboni,
nami hukaza meno, kwani ni langu lile tumbo.
Mwaka juzi lilitoboa sampo.
Oili ikanywewa na mchanga mwekundu,
nikalala palepale, bloa mbili kichwani,
wateja wangu wa Mkunya wakidhani nimekula pesa zao.

Ndiyo maana niko Masasi
na fedha ya mnada wa pili kwenye pindo la kitenge.
Springi ndefu zipo. Shokapu zipo, za njano,
zinaning'inia dukani, ndizi zisizooza.
Chikoti, kijana wa fundi, ananionyesha picha kwenye simu:
gari la kabila la langu, limesimama juu ya tairi zake
kama jogoo aliyeitwa kwa jina.

Sitaki kudanganya. Nimelitamani.
Nimejiona nikishuka sokoni Newala kutoka huko juu,
wanunuzi wa kangomba wakinyoosha shingo.

Lakini gari hili si la picha.
Asubuhi salfa, mchana madumu ya maji
(kwetu mlimani maji ni abiria, tena hulipiwa nauli),
jioni Zamoyoni na madaftari yake,
na Alhamisi ya mwisho wa mwezi ni Mama, kliniki, Ndanda.

Mama hupanda hivi:
hugeuzia mlango mgongo,
hutanguliza makalio, husema "Bismillahi,"
kisha hunyanyua mguu wa kulia kwa mikono miwili,
mzigo wa mtu mwingine aliyeombwa kuushika.
Wa kushoto huningoja mimi.
Nimempima. Si kwa futi; kwa macho, miezi kumi na sita.
Nyonga yake na kiti changu vimekutana kwa bahati,
na bahati hiyo haina inchi mbili za ziada.

"Tutachomelea ngazi," sauti inatoka chini.
"Ngazi itagonga jiwe."
Kimya. Kisha kicheko, na spana inaanguka.

Anatoka, vumbi hadi kwenye kope,
anachukua futi kamba, anapima juu ya tairi la nyuma,
anapima tena, anafuta mikono kwenye suruali.
"Dada, gari hili si fupi. Limekaa.
Miaka tisa ya maji na salfa, springi zimechoka.
Inchi moja na nusu umeshaipoteza
kidogo kidogo, wala hukuambiwa."

Nikaweka kiganja kwenye bodi, palipo moto wa jua.
Nilikuwa nimekuja kuliongezea,
kumbe nalidai.

"Funga za kawaida," nikasema. "Lirudi lilipokuwa."
Zile za njano Chikoti akazirudisha ndani
bila kuniangalia.

Leo Alhamisi. Jiwe tumepishana,
limenigusa kidogo, salamu ya majirani wasiosemezana.
Na uani kwa Mama gari limesimama kwa kimo chake cha zamani,
kile kile alichokipanda siku nilipolinunua,
mkoba kwapani, bila mkono wa mtu,
akiniuliza mbona nachelewa kuwasha.

Ametazama kiti. Amenitazama.
"Limerefuka," anasema.

Sikumwambia kilichopungua.
Nimegeuza kreti ya soda juu chini, nikaisogeza mlangoni,
nikaikanyaga kwanza mimi,
mara mbili, kwa uzito wangu wote.